Ubao wa Thelujini na Ukwato wa Nzohe: Somo Juu ya Kanieneo, Msuguano na Upimaji wa Haki wa Vifaa

Utangulizi

Mwanafunzi aliyekulia Murusagamba, wilayani Ngara, huweza kumaliza masomo yake yote ya sekondari bila ya kuona theluji hata chembe moja. Barafu anayoifahamu ni ile ya mvua ya mawe, ipasuayo majani ya migomba na kuyeyuka kabla jua halijarudi. Hata hivyo, maana ya kuteleza haihitaji kufundishwa. Mvua zinapoanza, njia za udongo mwekundu hugeuka utelezi. Mwenye baiskeli iliyobeba mkungu wa ndizi hushuka na kuisukuma, na watoto hukalia maganda ya migomba wakaporomoka nayo kilimani kwa vicheko.

Nilizaliwa katika vilima hivyo. Baadaye nilipelekwa ng'ambo kusomea shahada ya udaktari katika nchi ambayo ardhi yake hufunikwa na theluji miezi kadhaa kila mwaka. Niliporudi kuwatembelea wanafunzi wa kidato cha tatu wa tarafa yetu, niliwaonyesha picha za mbao mbili za kutelezea thelujini: moja ya kawaida na nyingine ambayo mtengenezaji wake aliiita ya wanawake. Msichana mmoja alisimama, akaniamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Mwalimu, hiyo ya wanawake imetofautiana na nyingine kwa jambo gani? Au ni rangi tu?"

Swali hilo ni la kisayansi kwa maana kamili ya neno hilo. Makala haya yanakusudia kulijibu hatua kwa hatua, kwa kutumia fizikia ya shule za sekondari, na kuonyesha kwamba jibu lake linamhusu hata mtu asiyetarajia kukanyaga theluji maisha yake yote.

Skii ni kitu gani?

Ubao huo huitwa skii. Ni ubao mrefu na mwembamba, mmoja kwa kila mguu, uliopinda juu kwenye ncha mfano wa omo ya mtumbwi. Ndani yake kwa kawaida kuna kiini cha mti mwepesi. Juu na chini ya kiini hicho hubandikwa tabaka za nyuzi za kioo, na katika baadhi ya skii bamba jembamba la aloi ya alumini. Upande wa chini hufunikwa plastiki ya polithini inayopakwa nta, na pembeni hutiwa kingo za chuma zinazokata theluji ngumu. Katikati hukazwa vifungio vinavyoshika kiatu.

Chombo hiki si kigeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo na kutumia skii wakati wa kuteremka. Barafu moja ya kilele hicho ingali ikiitwa kwa jina la Furtwängler, ingawa kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa kiasi cha asilimia 85. Mwaka 1998 Mkenya Philip Boit alishindana katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, katika mbio za skii za kilometa 10. Na mwaka 2018 Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya katika michezo ya Pyeongchang, Korea ya Kusini. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki katika michezo hiyo ya baridi.

Skii ziko za aina nyingi. Hapa tutazungumzia mbili. Ya kwanza ni skii ya mlima mzima, yaani inayotarajiwa kufaa katika njia zilizoshindiliwa na pia katika theluji laini ya pembeni. Ya pili ni skii ya theluji ya unga, iliyokusudiwa theluji mpya, yenye kina, ambayo haijakanyagwa.

Kanieneo: kwa nini mtu hazami?

Theluji mpya ya unga ina densiti ya kilogramu 50 hadi 100 hivi kwa kila meta ya ujazo. Maji yana kilogramu 1,000. Sehemu kubwa ya theluji hiyo basi ni hewa, na mtu akiikanyaga kwa viatu vitupu huzama hadi magotini au zaidi. Theluji iliyoshindiliwa na mashine hufikia kilogramu 400 hadi 500, nayo hubeba mguu bila taabu.

Tukumbuke kanuni:

Kanieneo = Kani ÷ Eneo

Tuchukue mwanamke ambaye tungamo lake, pamoja na mavazi na viatu, ni kilogramu 60. Tukichukua mchapuko wa graviti kuwa meta 10 kwa sekunde mraba, kani anayoikandamizia theluji ni Nyutoni 600. Sasa tulinganishe hali tatu.

(a) Amesimama kwa viatu viwili, kila kimoja chenye eneo la sentimeta mraba 200. Eneo lote ni meta mraba 0.04. Kanieneo ni 600 ÷ 0.04 = Paskali 15,000.

(b) Amesimama juu ya skii mbili za mlima mzima, kila moja yenye urefu wa sentimeta 160 na upana wa wastani wa sentimeta 10. Eneo lote ni meta mraba 0.32. Kanieneo ni Paskali 1,875.

(c) Amesimama juu ya skii mbili za theluji ya unga, kila moja yenye urefu wa sentimeta 170 na upana wa wastani wa sentimeta 12. Eneo lote ni meta mraba 0.408. Kanieneo ni Paskali 1,470 hivi.

Kutoka (a) hadi (b) kanieneo imepungua mara nane. Kutoka (b) hadi (c) imepungua tena kwa zaidi ya asilimia 20, na sentimeta mbili tu za upana zimefanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Aidha, mtelezaji anapokwenda kasi, ncha iliyopinda juu huisukuma theluji chini, nayo theluji humsukuma yeye juu, kama jiwe bapa linavyorukaruka juu ya maji likirushwa kwa mlalo. Ndiyo sababu skii ya unga hupindishwa juu zaidi kwenye ncha, na mara nyingi hata mkiani.

Maumbile yalitangulia kuigundua kanuni hii. Katika mafunjo ya bonde la mto Kagera huishi nzohe, mnyama wa jamii ya pongo. Kwato zake ni ndefu na hutanuka, hivyo uzito wake hugawanyika juu ya eneo kubwa na huweza kupita juu ya matete yaliyolala majini. Mbuzi akifuata njia hiyo hiyo atazama, kwa sababu ukwato wake ni mdogo na mgumu. Lakini mpeleke nzohe kwenye jabali kavu, na zile kwato ndefu zitamwia mzigo. Hapo mbuzi ndiye bingwa. Vivyo hivyo, skii pana ya unga huwa nzito kugeuza katika njia ngumu iliyoshindiliwa, kwa sababu ukingo wake uko mbali na mstari wa katikati ya mguu, na goti hulazimika kufanya kazi kubwa zaidi kuulaza. Hakuna chombo kilicho bora kila mahali. Skii ya mlima mzima ni mapatano tu baina ya nzohe na mbuzi.

Msuguano: kwa nini skii huteleza?

Vitabu vingi vya zamani vilifundisha kwamba uzito wa mtelezaji huiyeyusha theluji kwa kanieneo, na kwamba maji hayo ndiyo hutelezesha. Tulipime dai hilo kwa hesabu. Kiwango cha kuyeyuka kwa barafu hushuka kwa kiasi cha nyuzi 0.0074 za Selsiasi kwa kila ongezeko la kanieneo la angahewa 1, yaani Paskali 101,000 hivi. Skii yetu ya mfano wa (b) inatoa Paskali 1,875, ambayo haifiki hata sehemu moja ya hamsini ya angahewa. Badiliko la kiwango cha kuyeyuka basi halifiki hata sehemu moja ya elfu ya nyuzi 1. Kuyeyusha barafu iliyo katika nyuzi 10 chini ya sifuri kwa kanieneo peke yake kungehitaji zaidi ya angahewa 1,000. Hata tukikumbuka kwamba skii hugusa chembe chache tu za theluji kwa wakati mmoja, maelezo hayo hayatoshi.

Mwaka 1939 wanasayansi wa Uingereza, Bowden na Hughes, walitoa maelezo mengine yaliyotokana na majaribio: msuguano wenyewe huzaa joto, na joto hilo huyeyusha utando mwembamba sana wa maji baina ya skii na theluji. Utafiti wa baadaye umeongeza kwamba uso wa barafu una tabaka jembamba lililo legevu hata chini ya nyuzi sifuri, na kwamba chembe za theluji hukwanguliwa na kulainishwa na skii inapopita. Funzo kwa mwanafunzi ni hili: maelezo yanayopendeza masikioni hayana budi kupimwa kwa namba.

Msuguano huo mdogo una matokeo makubwa. Kitu huanza kuteleza pale tanjiti ya pembe ya mteremko inapozidi kizigeu cha msuguano. Kama kizigeu ni 0.3, mteremko hauna budi kuwa na nyuzi 17 hivi. Kama ni 0.05, kiasi ambacho ni cha kawaida kwa skii yenye nta, nyuzi 3 zinatosha. Na mtu akiteremka kimo cha meta 20, tukiacha msuguano na upepo, atafikia kasi ya meta 20 kwa sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa. Kwa kasi hiyo, uwezo wa kugeuka na kusimama ni jambo la usalama wa mifupa.

Kugeuka: skii kama boriti inayopinda

Ukiitazama skii kutoka juu utaona kwamba ina kiuno: katikati ni nyembamba kuliko ncha na mkia. Ubavu wake ni sehemu ya duara kubwa. Mtelezaji akiilaza skii upande, uzito wake huukandamiza ubavu hadi ukagusa theluji kote, na skii hupinda na kumpeleka katika njia ya duara. Kwa makadirio ya theluji ngumu, nusu kipenyo ya njia hiyo ni nusu kipenyo ya ubavu ikizidishwa kwa kosaini ya pembe ya kulaza. Skii yenye nusu kipenyo ya meta 16, ikilazwa nyuzi 60, itachora duara lenye nusu kipenyo ya meta 8.

Lakini hesabu hiyo ina sharti moja: skii lazima ikubali kupinda. Ugumu wa boriti hulingana na unene wake ukipigwa kipeo cha tatu. Ukipunguza unene kwa asilimia 10, ugumu unabaki 0.9 × 0.9 × 0.9 = 0.729 ya ule wa kwanza, yaani umepungua kwa asilimia 27. Skii ni tabaka za vitu mbalimbali, hivyo kanuni hii ni mwongozo tu. Hata hivyo inaonyesha jinsi milimeta chache zinavyoweza kumfaa au kumshinda mtumiaji.

Je, ni rangi tu?

Sasa tunaweza kumjibu yule msichana. Kwa muda mrefu skii nyingi zilisanifiwa kwa vipimo vya mwanamume mzito, kisha zikapunguzwa urefu na kupakwa rangi nyingine kwa ajili ya wanawake. Skii ya namna hiyo ni fupi, lakini yaweza kubaki ngumu vilevile. Mtu wa kilogramu 60 hapati kani ya kutosha ya kuipinda, hivyo haimgeukii kama inavyomgeukia mtu wa kilogramu 80.

Skii mpya za wanawake zilizosanifiwa kwa uangalifu hutofautiana kwa mambo matatu: kiini chepesi zaidi, unene na metali iliyopunguzwa ili kulegeza ugumu, na mara nyingi alama ya kifungio iliyosogezwa mbele kidogo. Kuhusu jambo hili la mwisho, watengenezaji hueleza kwamba kitovu cha graviti cha mwili wa mwanamke kwa wastani kiko tofauti na cha mwanamume. Hoja hiyo ni ya wastani. Wako wanawake wazito na wenye nguvu wanaopendelea skii ngumu, na wako wanaume wepesi ambao ile iitwayo ya wanawake ingewafaa zaidi. Fizikia haisomi jina lililoandikwa juu ya ubao; inasoma tungamo, kani, urefu na ustadi.

Nalisema hili kwa kuwa lilinigharimu. Katika mwaka wangu wa pili ng'ambo niliazimwa skii za mwanamume aliyenizidi sana uzito. Vifungio vilikuwa vimekazwa kwa ajili yake. Kifungio hutakiwa kufunguka mtu aangukapo, na mkazo wake hupangwa kwa kufuata uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya kiatu na ustadi wa mwenyewe. Sikulijua hilo, wala mwenye kuniazima hakuniuliza uzito wangu. Niligeuka, skii haikugeuka. Nikaanguka, kifungio hakikufunguka. Nilitembea kwa magongo wiki sita, na hadi leo goti langu hunijulisha mvua kabla ya mawingu. Uchunguzi wa madaktari wa michezo umeonyesha kwamba, miongoni mwa watelezaji wa kawaida, kano ya mbele ya goti huumia mara nyingi zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Sababu zake ni nyingi, na si haki kuitupia skii lawama yote. Lakini kifaa kisichopimwa kwa mwili wa mtumiaji huongeza hatari ambayo ingeweza kupunguzwa.

Jinsi ya kujaribu kifaa kwa haki

Tuseme tumepewa skii mbili mpya, A na B, tuamue ipi inafaa. Mtu mmoja akijaribu A asubuhi na B mchana, atakuwa amelinganisha asubuhi na mchana, kwa maana theluji hulainika jua linapopanda. Jaribio la haki lina masharti yafuatayo:

1. Mteremko uwe mmoja, saa zikaribiane, na nta iwe ya aina moja.
2. Wajaribu wawe wengi, wenye uzito na ustadi mbalimbali, na uzito wao uandikwe.
3. Nusu yao waanze na A na nusu waanze na B, ili uchovu usiipendelee moja.
4. Majina na rangi za skii zifunikwe, ili sifa za mtengenezaji zisimtangulie mjaribu.
5. Kila mmoja aandike matokeo yake kabla ya kuzungumza na wenziwe.

Majaribio ya darasani

*Jaribio la kwanza.* Jaza karai vumbi laini la msumeno bila kulishindilia. Kata vipande viwili vya mwanzi bapa vyenye urefu wa sentimeta 15, kimoja cha upana wa sentimeta 2 na kingine sentimeta 4. Weka juu ya kila kimoja jiwe la gramu 200 na upime kina kilichozama. Kokotoa kanieneo ya kila kipande.

*Jaribio la pili.* Weka kipande cha ganda la mgomba juu ya ubao wa meta 1. Inua ncha moja polepole hadi ganda lianze kuteleza. Gawa kimo cha ncha iliyoinuliwa kwa umbali wa mlalo. Jibu ni kizigeu cha msuguano tuli. Rudia baada ya kulowesha ubao.

*Jaribio la tatu.* Tengenezeni mipini mitatu ya jembe yenye urefu tofauti, na majembe yawe ya uzito mmoja. Wasichana na wavulana, kwa zamu iliyopangwa kwa kura, walime kwa dakika 5 kwa kila mpini. Pimeni urefu wa tuta lililolimwa na mapigo ya moyo kwa dakika moja. Urefu wa mpini hauwezi kufichwa mkononi, lakini bei na jina la fundi vifichwe.

Maswali

1. Mtu wa kilogramu 80 anatumia skii mbili zenye urefu wa sentimeta 180 na upana wa wastani wa sentimeta 10. Kokotoa kanieneo. Mtu wa kilogramu 60 akiziazima, kanieneo itakuwa ngapi? Kwa nini kupungua kwa kanieneo peke yake hakutoshi kuonyesha kwamba zinamfaa?
2. Unene wa skii ukipunguzwa kwa asilimia 20, ugumu wake utabaki sehemu gani ya ule wa awali?
3. Eleza kwa nini nzohe hushindwa mbio kwenye nchi kavu na ngumu.
4. Taja kifaa kimoja cha nyumbani kwenu, kama vile baiskeli, jembe au dawati, kisha uchunguze kimepimwa kwa mwili wa nani.

Hitimisho

Swali la nne halina jibu mwishoni mwa kitabu chochote. Mama anayelima kwa mpini uliochongwa kwa kimo cha mumewe, na msichana anayeendesha baiskeli ambayo tandiko lake haliteremki hadi urefu wa miguu yake, wako katika hali ile ile niliyokuwa nayo juu ya skii za kuazima. Tofauti ni kwamba mimi niliumia siku moja. Wao huumia kidogo kidogo kila siku, na kwa hiyo hakuna aandikaye. Walimu wa Ngara, Biharamulo na kwingineko wana rula, mizani na wanafunzi wenye macho. Jaribio la tatu laweza kuanza msimu huu wa kulima.